Nani Hulipia Kikwazo? Eldoret na Uchumi wa Kuuza Nje

Mjadala kuhusu biashara ya nje ya Kenya ulitatizika Aprili 2025, Marekani ilipotangaza ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa zinazotoka Kenya, ukatatizika zaidi tarehe 30 Septemba mwaka huo, pale ulipokwisha muda wa Sheria ya Ukuaji na Fursa kwa Afrika, ijulikanayo kwa kifupi kama AGOA. Katika Eldoret, jiji ambalo maisha yake yamejengwa juu ya nafaka, maziwa, nyuzi na malori yanayoelekea Malaba, mpakani na Uganda, mkanganyiko huo una sura yake, kwa kuwa madai mawili yanayopingana hutolewa humo kwa pumzi moja: kwamba mataifa ya nje yafungue masoko yao kwa chai, maua na nguo za Kenya, na kwamba serikali ya Kenya iufunge mpaka wa magharibi dhidi ya mahindi na maziwa ya jirani. Kila dai lina hoja zake, na kila moja lina gharama ambayo anayelitoa mara nyingi haioni, kwa sababu hailipi yeye.

Kikwazo cha biashara ni hatua yoyote ya serikali inayoifanya bidhaa ya nje iwe ghali, ichelewe au isifike kabisa. Ushuru wa forodha ndio unaojulikana zaidi: ni tozo anayolipa mwagizaji, wala si muuzaji wa ng'ambo, ingawa mwagizaji huyo hujaribu kumsukumia mzigo mteja wake kwa kupandisha bei, au muuzaji kwa kumshinikiza ashushe yake. Mgawo ni kiwango cha juu cha bidhaa inayoruhusiwa kuingia. Vipo pia vikwazo visivyo vya ushuru, navyo ni pamoja na vibali, masharti ya afya ya mimea, viwango vya mabaki ya dawa za kuulia wadudu, vipimo vya sumukuvu, mizani za barabarani na foleni za mpakani. Hivi vya mwisho haviandikwi katika jedwali lolote la viwango vya ushuru, na ndiyo maana hupuuzwa katika mijadala ya hadhara, ilhali kwa mkulima wa Bonde la Ufa mara nyingi ndivyo vizito zaidi.

Utegemezi wa aina gani?

Kenya mara nyingi huitwa nchi inayotegemea mauzo ya nje, lakini takwimu zinadai uangalifu. Mwaka 2023 nchi iliuza nje bidhaa za thamani ya takriban shilingi trilioni 1 na kuagiza za takriban shilingi trilioni 2.6. Nchi ambayo uagizaji wake unazidi mauzo yake mara mbili na nusu haitegemei masoko ya nje kama inavyoyategemea Bangladesh, ambayo viwanda vyake vya nguo hushona kwa ajili ya dunia nzima. Utegemezi wa Kenya ni wa fedha za kigeni: dola zinazoletwa na chai, maua, mboga, matunda, kahawa na nguo, pamoja na zile zinazotumwa nyumbani na Wakenya walio ughaibuni, ambazo mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5 na kuishinda chai yenyewe, ndizo zinazonunua mafuta, ngano na mbolea, na ndizo zinazolipa madeni ya nje.

Kwa kuutazama uchumi hivyo, uhusiano uliofichika hujitokeza. Mkulima wa mahindi wa Moiben au Ziwa, ambaye hajawahi kuuza gunia nje ya Kenya, anapanda kwa mbolea iliyoagizwa kwa dola, na sehemu ya dola hizo imetoka katika mashamba ya chai ya Nandi, kaunti jirani. Pakistan ikipunguza ununuzi wa chai katika mnada wa Mombasa, au Sudan ikiufunga mlango kama ilivyofanya Machi 2025 kwa hasira ya kisiasa baada ya kundi la wapiganaji wa Sudan, RSF, kukutana Nairobi, mchuma chai wa Nandi Hills ndiye anayeumia kwanza, lakini si yeye peke yake. Inafaa kukumbukwa kwamba marufuku hiyo ya Sudan haikuhusu bei wala ubora wa chai. Hakuna mkulima aliyeweza kuizuia kwa kuchuma majani bora zaidi.

Nafasi ya Eldoret yenyewe katika mtandao huu ni ya njia panda zaidi kuliko ya chimbuko. Jiji, lililopewa hadhi hiyo Agosti 2024, liko kwenye Ushoroba wa Kaskazini, yaani njia kuu inayotoka bandari ya Mombasa hadi Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo. Bomba la mafuta lina bohari hapo, na malori ya Uganda yamekuwa yakipakia humo kwa miongo kadhaa. Uwanja wa ndege wa kimataifa uliofunguliwa 1997 ulitarajiwa kupeleka mazao ya eneo hilo Ulaya na Ghuba, lakini umezoeleka zaidi kwa ndege za mizigo zinazotua zikiwa zimejaa bidhaa za viwandani na kuondoka zikiwa na nafasi tupu. Nafasi hiyo tupu inaeleza mengi kuhusu mahali tatizo lilipo, kwa sababu hakuna ushuru wa nchi yoyote uliozuia ndege hizo kupakia.

Hoja ya kinga, na historia ya Rivatex

Hoja ya kwanza inayoshindaniwa husema kwamba kiwanda kichanga hakiwezi kushindana na kiwanda kilichokomaa cha ng'ambo, hivyo taifa lina haki ya kukikinga kwa ushuru mpaka kijifunze kazi. Eldoret ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii kwa sababu imeishi pande zake zote mbili. Rivatex, kiwanda cha nguo kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1970, kilizaliwa katika sera ya kuzalisha nchini bidhaa zilizokuwa zikiagizwa: ushuru ulikuwa mkubwa, leseni za uagizaji zilikuwa chache, na pamba ilitoka kwa wakulima wa nchini, wakiwemo wa Bonde la Kerio. Chini ya kinga hiyo kiwanda kiliajiri watu, kikasokota nyuzi, kikafuma na kuchapa vitambaa.

Miaka ya 1990 kinga iliondolewa kwa haraka, kama sehemu ya mageuzi ya kiuchumi yaliyodaiwa na wakopeshaji wa kimataifa. Mitumba na vitambaa vya bei nafuu vilifurika, bei ya pamba ikaanguka, wakulima wakaing'oa, na mwishoni mwa muongo huo Rivatex ilikuwa chini ya mrasimu. Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua 2007, na kwa mkopo wa serikali ya India mitambo mipya ikafungwa na kiwanda kuzinduliwa upya 2019.

Wanaotetea kinga husoma historia hii kama ushahidi kwamba soko huria liliua kiwanda. Wanaoipinga husema kwamba kiwanda kilichokingwa kwa miongo miwili bila kuweza kusimama peke yake kilikuwa kimelemaa tayari. Usomaji wote wawili una ukweli nusu. Kasi ya mageuzi ilikuwa kosa kubwa kuliko mageuzi yenyewe, kwani kiwanda chenye mitambo mikuukuu hakiwezi kujirekebisha kwa miaka michache huku riba za benki zikiwa juu mno. Lakini pia kinga ya awali haikuwa na tarehe ya mwisho, na kiwanda kisichojua kwamba kinga itakwisha hakina sababu ya kubadilisha mitambo. Uzinduzi wa 2019 haukulifuta tatizo la pili la msingi, kwamba mitambo mipya inataka pamba na pamba ya Kenya ni haba. Hakuna ushuru unaoweza kumfanya mkulima arudi kwenye zao lililomtupa, ikiwa hana mbegu bora na hana hakika ya mnunuzi.

Kinga ina udhaifu mwingine ambao ulidhihirika nje ya Eldoret lakini ukaigusa. Machi 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza uagizaji wa mitumba hadi uishe. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, Washington ikaonya kwamba manufaa ya AGOA yangeondolewa, na Kenya ikajitoa. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa katika mpango huo. Rwanda iliweza kuvumilia kwa kuwa haikuwa ikiuza nguo nyingi Marekani; Kenya, yenye makumi ya maelfu ya wafanyakazi katika viwanda vya kuuza nje, haikuweza. Nchi inayopokea upendeleo huwa imekubali pia mipaka ya uhuru wake wa kujikinga.

Hoja ya milango wazi, na uzi usiotoka Kerio

Hoja ya pili husema kwamba soko la ndani la Kenya ni dogo, na kwamba njia pekee ya kuajiri vijana wengi ni kuwauzia wenye fedha. Ushahidi wake mkuu ni AGOA yenyewe. Tangu 2000 nguo za Kenya ziliingia Marekani bila ushuru, wakati nguo za washindani wa Asia zilitozwa viwango vinavyoweza kuzidi asilimia 15, na tofauti hiyo ndiyo iliyovuta wawekezaji kuja Athi River, Nairobi na Mombasa.

Hata hivyo, swali ambalo halijaulizwa vya kutosha katika Eldoret ni kwa nini upendeleo uliodumu robo karne haukuinua kiwanda chake cha nguo. Jibu limo katika kanuni za uasilia, yaani masharti yanayoamua bidhaa ihesabiwe kuwa imetoka wapi. AGOA iliziruhusu nchi nyingi za Kiafrika kushona nguo kwa kitambaa kutoka nchi yoyote ya tatu na bado ziuze bila ushuru. Kanuni hiyo ilikuwa ya huruma na ilileta ajira haraka, kwa sababu mshonaji wa Athi River hakulazimika kusubiri pamba ya Kenya. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hakuihitaji. Kitambaa kilitoka China na India, kikashonwa karibu na bandari au uwanja wa ndege wa Nairobi, kikapelekwa Marekani, na Bonde la Kerio likabaki nje ya hesabu. Wanaohofia kwamba mwisho wa AGOA utaifunga Rivatex wanahofia kupoteza kitu ambacho kwa kiasi kikubwa Eldoret haikukipata.

Upande wa Ulaya, picha ni tofauti kidogo. Kenya si miongoni mwa nchi maskini zaidi duniani kwa uainishaji wa Umoja wa Mataifa, hivyo haina haki ya kudumu ya kuuza Ulaya bila ushuru kama walivyo nayo Tanzania, Uganda na Rwanda. Mazungumzo ya mkataba wa jumuiya nzima yalipokwama, bidhaa za Kenya zilitozwa ushuru kuanzia Oktoba 2014 hadi karibu na Krismasi, na wakulima wa maua walihesabu hasara kwa wiki. Hatimaye Kenya ilitia saini mkataba wake yenyewe na Umoja wa Ulaya Desemba 2023, nao ukaanza kutumika Julai 1, 2024. Wakosoaji, hasa mashirika ya wakulima, husema Kenya imeahidi kufungua zaidi ya asilimia 80 ya soko lake kwa bidhaa za Ulaya ndani ya miaka 25, ilhali yenyewe haikuongezewa soko bali imehakikishiwa lile ililokuwa nalo. Ukosoaji huo ni sahihi kwa maneno yake, ila unadharau thamani ya uhakika. Ua hukatwa leo na kuuzwa baada ya siku chache, na mwenye shamba anayekopa kujenga vibanda vya maua anahitaji zaidi kujua ushuru wa miaka kumi ijayo kuliko anavyohitaji ushuru uwe mdogo mwaka huu.

Milango ikiwa wazi, bado kuna kizingiti. Umoja wa Ulaya umeendelea kukaza masharti juu ya nondo aharibuye waridi na machungwa, na juu ya mabaki ya dawa katika mishiri, zao ambalo wakulima wadogo wengi wa Kenya waliliacha baada ya ukaguzi kuongezwa mwaka 2013. Masharti hayo si hila tupu, kwani mlaji ana haki ya chakula salama, lakini gharama ya maabara na vyeti ni ile ile kwa mwenye ekari 1 na mwenye ekari 100. Kwa hiyo ushuru sifuri humnufaisha mkubwa kwanza.

Mahindi, mchele na chai

Uzito wa suala unaonekana zaidi katika mahindi, na hapa Eldoret haizungumzi kwa sauti moja hata ikidhani hivyo. Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, na Trans Nzoia ndizo ghala la taifa. Mahindi kutoka nje ya jumuiya kwa kawaida hutozwa ushuru wa asilimia 50, na yale ya Uganda na Tanzania huingia bila ushuru kwa mujibu wa umoja wa forodha ulioanza 2005. Mkulima hulalamika kwamba mahindi ya Uganda hufika wakati wake anavuna. Msagaji wa Eldoret huyahitaji ili kinu kisisimame. Na mnunuzi wa unga, ambaye hana chama, hutaka pakiti ya kilo mbili iwe nafuu.

Serikali imeyumba kati ya hawa watatu. Mwaka 2017, mwaka wa ukame na wa uchaguzi, iliruhusu mahindi bila ushuru, meli ikatia nanga Mombasa na mahindi ya Mexico, na unga ukauzwa kwa ruzuku kwa shilingi 90. Miaka minne baadaye ilielekea upande wa pili: Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula iliagiza mahindi ya Uganda na Tanzania yazuiwe kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka isiyokauka vizuri, kisha baada ya siku tano tu zuio likageuzwa kuwa masharti ya usajili na vyeti, na kiwango kisichozidi sehemu 10 kwa bilioni. Hatari ya kiafya haikuwa ya kubuni, kwani sumukuvu iliua Wakenya zaidi ya 100 mwaka 2004. Lakini Novemba 2019 shirika la viwango lilikuwa limepiga marufuku aina tano za unga zilizosagwa humu humu nchini kwa sumu hiyo hiyo, jambo linaloonyesha kwamba sumu haikai upande mmoja wa Malaba.

Gharama ya hatua hizo haikuonekana kwenye mahindi. Uganda ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa bidhaa za Kenya, na hununua saruji, chuma, sabuni, mafuta ya kula na dawa. Baada ya mivutano ya mahindi, ya maziwa ya unga na ya maziwa ya Lato ya Uganda yaliyokamatwa Januari 2020, Kampala ilitangaza mwishoni mwa 2021 kwamba ingelipiza. Kisha ikaja mivutano ya mafuta, ambapo Uganda ilifika hadi Mahakama ya Afrika Mashariki kabla ya kuanza kuagiza yenyewe Julai 2024. Haitakuwa haki kudai kwamba mahindi ndiyo yaliyosababisha uamuzi wa mafuta, ambao ulikuwa na mantiki yake ya bei. Ila jirani aliyezoea kufungiwa hutafuta njia nyingine, na bohari ya Eldoret iko kwenye njia atakayoiacha.

Mfano ulio wazi kuliko yote, na usiosemwa sana, ni wa mchele. Ushuru wa pamoja wa jumuiya kwa mchele ni asilimia 75, lakini Kenya imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza mchele wa Pakistan asilimia 35, kwa hofu kwamba Pakistan, inayonunua zaidi ya theluthi moja ya chai ya Kenya, italipiza kwenye chai. Mkulima wa mchele wa Mwea au Ahero amekuwa akilipia soko la mchuma chai wa Nandi na Kericho kwa miaka mingi, bila kuulizwa. Uamuzi huo pengine ni sahihi kwa hesabu za taifa. Lakini hakuna sera ya biashara isiyo na mlipaji, na mara nyingi mlipaji yuko kaunti nyingine.

Vikwazo vilivyomo ndani

Hoja ya tatu huyaacha mabishano ya mipaka na kusema kwamba kikwazo kikuu kimo nyumbani: umeme wa bei ghali, tozo za kaunti zinazotozwa mzigo ukivuka kila kaunti, vizuizi vya polisi, na ukosefu wa vyumba vya baridi. Nguvu ya hoja hii ni kwamba haya yote yako chini ya mamlaka ya Kenya, wala hayahitaji ridhaa ya Washington au Brussels. Udhaifu wake ni kwamba hurekebishwa polepole, na kwamba mfanyabiashara hawezi kusubiri umeme ushuke wakati oda yake imefutwa leo. Kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa nchi mbili hukagua mzigo mara moja tu, kimepunguza muda Busia na Malaba. Hata hivyo Januari 2022 mgomo wa madereva dhidi ya vipimo vya korona ulitosha kurudisha foleni ya makumi ya kilomita.

Mizani ya hoja

Zikipimwa pamoja, hoja ya kinga ina nguvu zaidi kwa viwanda kuliko kwa nafaka, na kwa sharti kwamba ina ukomo uliotangazwa. Kuikinga Rivatex dhidi ya vitambaa vya magendo kwa miaka michache inayojulikana, huku pamba ikifufuliwa, kunaweza kutetewa. Kukinga mahindi dhidi ya Uganda hakuwezi, kwa kuwa Kenya yenyewe haivuni ya kuitosha katika miaka mingi, na kwa kuwa kila gunia linalozuiwa Malaba huhatarisha soko kubwa kuliko gunia hilo. Hoja ya milango wazi nayo ni sahihi kuhusu lengo lakini imelewa na ushuru sifuri. Upendeleo unaorefushwa kwa vipindi vifupi, kwa uamuzi wa bunge la nchi nyingine, huleta vyerehani, ambavyo huhamishika, na si vinu vya kusokota nyuzi, ambavyo hudai miaka mingi kurudisha mtaji. Pale upendeleo wa mbali ulipo haba, soko la Uganda, Kongo na Sudan Kusini, ambalo lori la Eldoret hulifikia bila ndege, lina thamani zaidi kuliko linavyohesabiwa katika hotuba.

Kinachoumiza kuliko vyote si urefu wa ukuta bali kubadilika kwake. Mkulima wa Uasin Gishu hununua mbolea kabla ya mvua za Machi na kuvuna kuanzia Oktoba. Kibali cha mahindi ya nje kikitolewa Septemba, humkuta ameshatumia fedha na hana njia ya kurudi nyuma, na zuio likitangazwa Machi, humkuta msagaji amelipia mzigo ulio njiani. Kipimo cha haki kwa serikali, basi, ni kutangaza kabla ya kupanda mwezi ambao mlango utafunguliwa na kiasi kitakachoruhusiwa, na kisha kulishika neno lake hata mwaka wa uchaguzi. Vikaushio vya kuhamishika ambavyo ilianza kuvisambaza 2023 vinafaa kupimwa kwa kigezo hicho hicho, kwa kuwa gunia lililokaushwa ipasavyo hupita kipimo cha sumukuvu Eldoret na Malaba pia, na hilo halimpi jirani sababu ya kulipiza.